2,147,483,647: Nambari tasa ya Euler na mpaka wa saa za tarakilishi

ASUBUHI ya Jumanne, Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde saba kwa saa za Afrika Mashariki, tarakilishi za aina ya zamani zitakazokuwa zingali kazini zitafika mwisho wa kuhesabu. Zitakuwa zimehesabu sekunde 2,147,483,647 tangu mwaka 1970 ulipoanza kwa saa za Greenwich, na hazitakuwa na nafasi ya kuongeza hata sekunde moja.

Nambari hiyo ya tarakimu kumi haikubuniwa na mafundi wa tarakilishi. Wanahisabati waliijua na kuijadili kwa karne kadhaa kabla ya mashine hizo kuundwa. Mnamo 1772 mwanahisabati mashuhuri Leonhard Euler alithibitisha kuwa ni nambari tasa, na kwa zaidi ya miaka 70 baadaye hakuna aliyethibitisha tasa nyingine kubwa kuliko hiyo.

Makala haya yanaeleza nambari hiyo ni ya aina gani, jinsi ilivyothibitishwa kwa kalamu na karatasi, sifa zake nyingine, na sababu ya kuhusishwa na hitilafu inayowashughulisha wataalamu wa tarakilishi kote duniani.

Maana ya nambari tasa

Nambari tasa ni nambari nzima iliyo kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mifano ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Nambari 12 si tasa kwa sababu hugawanyika kwa 2, 3, 4 na 6. Neno hilo "tasa" ndilo litumiwalo pia kwa kiumbe asiyezaa.

Umuhimu wa tasa ni kwamba nambari nyingine zote hujengwa kwazo. Kila nambari nzima inayozidi 1 ama ni tasa, ama ni zao la kuzidisha tasa kadhaa, na kwa njia moja tu. Kwa mfano, 60 ni 2 mara 2 mara 3 mara 5, wala hakuna mkusanyiko mwingine wa tasa utakaotoa jawabu hilo.

Euclid, aliyefundisha mjini Alexandria nchini Misri yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alithibitisha kuwa tasa hazina mwisho. Hoja yake ni fupi. Chukua tasa zote unazozijua, uzizidishe pamoja, kisha uongeze 1. Jawabu hilo likigawanywa kwa tasa yoyote miongoni mwa hizo, litabakisha 1. Kwa hivyo, ama jawabu lenyewe ni tasa mpya, au linagawanyika kwa tasa ambayo haikuwa katika orodha.

Hata hivyo, kujua kwamba zipo ni jambo moja na kuzipata ni jambo lingine. Kadiri nambari zinavyokua ndivyo tasa zinavyoadimika, na nambari kubwa inayodhaniwa kuwa tasa haiwezi kukubaliwa hadi ithibitishwe.

Shilingi moja na mwezi wa siku 31

Njia nyepesi ya kuifikia nambari 2,147,483,647 ni kumfikiria mtu anayeweka akiba mwezi Januari. Tarehe mosi anaweka shilingi 1, tarehe pili shilingi 2, tarehe tatu shilingi 4, tarehe nne shilingi 8, na kila siku anaweka maradufu ya alichoweka jana yake.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hufurika upesi. Siku ya kumi mtu huyo ataweka shilingi 512 na jumla yake itakuwa shilingi 1,023. Siku ya 20 jumla itakuwa shilingi 1,048,575. Tarehe 31 atatakiwa kuweka shilingi 1,073,741,824 kwa siku hiyo moja, na jumla ya akiba ya mwezi mzima itakuwa shilingi 2,147,483,647 kamili.

Jumla ya namna hiyo daima hupatikana kwa kuizidisha 2 kwa yenyewe kulingana na idadi ya siku, kisha kutoa 1. Kwa lugha ya hisabati, nambari inayozungumziwa ni 2 kwa kipeo cha 31, kutoa 1.

Lau mtu huyo angechagua mwezi mwingine, mambo yangebadilika. Februari ya siku 28 ingetoa 268,435,455, ambayo kila mtu aweza kuona kuwa inagawanyika kwa 5. Februari ya siku 29 ingetoa 536,870,911, ambayo ni 233 mara 1,103 mara 2,089. Mwezi wa siku 30 ungetoa 1,073,741,823, ambayo inagawanyika kwa 3. Katika kalenda nzima, miezi ya siku 31 pekee ndiyo inayotoa jumla iliyo tasa.

Madai bila uthibitisho

Nambari zinazopatikana kwa kutoa 1 kutoka kwa kipeo cha 2 ziliwavutia wanahisabati tangu zamani. Ilijulikana kuwa kipeo chenyewe kisipokuwa tasa, basi nambari inayotokea pia si tasa. Kipeo cha 6 hutoa 63, ambayo ni 7 mara 9. Kipeo cha 9 hutoa 511, ambayo ni 7 mara 73.

Kwa upande mwingine, vipeo vya 2, 3, 5 na 7 hutoa 3, 7, 31 na 127, na zote ni tasa. Baadhi ya waandishi wa kale wakadhani kwamba kila kipeo kilicho tasa kitatoa tasa. Mnamo 1536 ilionyeshwa kuwa dhana hiyo ni potovu: kipeo cha 11 hutoa 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

Pietro Cataldi, mwalimu wa hisabati mjini Bologna, Italia, alichapisha kazi yake mnamo 1603. Alikuwa amethibitisha kuwa vipeo vya 17 na 19 hutoa tasa, yaani 131,071 na 524,287. Alifanya hivyo kwa kuzigawanya kwa kila tasa iliyohitajika, moja baada ya nyingine. Kisha akadai kuwa vipeo vya 23, 29, 31 na 37 pia hutoa tasa, bila kutoa uthibitisho.

Madai hayo yaliporomoka moja baada ya jingine. Mnamo 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alionyesha kuwa nambari ya kipeo cha 23 inagawanyika kwa 47, na ile ya kipeo cha 37 inagawanyika kwa 223. Mnamo 1738 Euler alionyesha kuwa ya kipeo cha 29 inagawanyika kwa 233. Kati ya madai manne ya Cataldi, likasalia moja tu ambalo halijaangushwa: la kipeo cha 31.

Wakati huo huo, mtawa Mfaransa Marin Mersenne alikuwa ametoa orodha yake mnamo 1644. Alisema kwamba hadi kipeo cha 257, vipeo vinavyotoa tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 pekee. Orodha hiyo ilikuwa na makosa matano. Vipeo vya 67 na 257 havitoi tasa, na Mersenne aliviacha vipeo vya 61, 89 na 107 ambavyo hutoa. Haikusahihishwa yote hadi mwaka 1947. Hata hivyo, nambari za aina hiyo zingali zinaitwa kwa jina lake, na 2,147,483,647 ni ya nane miongoni mwa tasa za Mersenne.

Cataldi na Mersenne walisema kweli kuhusu kipeo cha 31. Lakini kwa kuwa walikosea kuhusu vipeo vingine walivyovitaja kwa uhakika ule ule, kauli yao haikuweza kutegemewa. Ilibidi mtu aifanye hesabu yenyewe.

Hesabu ya Euler

Euler alizaliwa mjini Basel, Uswisi, mnamo 1707. Alifanya kazi Urusi na Ujerumani kabla ya kurejea St Petersburg mnamo 1766. Kufikia 1772 alikuwa na umri wa miaka 65 na karibu awe kipofu kabisa, akiwategemea wasaidizi wake kuandika aliyoyatamka. Mwaka huo alimwarifu Bernoulli, mwanahisabati aliyekuwa Berlin, kwa barua kwamba nambari 2,147,483,647 ni tasa, na dondoo la barua hiyo likachapishwa na chuo cha wanasayansi cha mji huo.

Ili kufahamu ukubwa wa kazi hiyo, yafaa kuanza na kanuni ya kawaida. Nambari ikiwa si tasa, basi ni zao la nambari mbili ndogo zaidi, na moja ya hizo haiwezi kuzidi kipeuo cha pili cha nambari hiyo. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni takriban 46,341, kwa kuwa 46,341 ikizidishwa kwa yenyewe huipita nambari hiyo kidogo tu. Kwa hivyo, ilitosha kutafuta vigawo visivyozidi 46,340.

Kuna nambari tasa 4,792 zilizo chini ya kiwango hicho. Mtu ambaye angefuata njia ya Cataldi angelazimika kuigawanya nambari ya tarakimu kumi mara 4,792 kwa mkono, bila kukosea hata mara moja.

Euler alipunguza mzigo huo kwa kutumia kanuni mbili. Ya kwanza ilitokana na kazi ya Fermat: kigawo chochote kilicho tasa cha nambari hii lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa 62, yaani mara mbili ya kipeo. Ukweli wa kanuni hii waonekana katika mfano mdogo wa 2,047, ambayo kipeo chake ni 11. Vigawo vyake ni 23 na 89, na vyote viwili hubakisha 1 vikigawanywa kwa 22.

Kanuni ya pili husema kwamba kigawo hicho lazima kibakishe 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Katika mfano ule ule, 23 hubakisha 7, na 89 hubakisha 1.

Kanuni hizo mbili zikiunganishwa, kigawo kinachotafutwa lazima kibakishe 1 au 63 kikigawanywa kwa 248. Nambari za namna hiyo huanza na 249, 311, 497 na 559, na hadi 46,340 ziko 372 tu, ukiiacha 63 yenyewe ambayo si tasa. Zaidi ya hayo, nyingi kati yake si tasa na hazihitaji kujaribiwa: 249 ni 3 mara 83, 497 ni 7 mara 71, na 559 ni 13 mara 43. Zinazosalia ni takriban 80.

Ya kwanza kujaribiwa basi ni 311. Ukiigawanya 2,147,483,647 kwa 311 unapata 6,905,092 na baki ya 35, kwa hivyo 311 si kigawo. Euler alizipitia tasa zote za aina hizo mbili hadi mwisho, na kila moja ikaacha baki. Kwa kuwa hakukuwa na kigawo kingine kilichowezekana, nambari hiyo ikathibitika kuwa tasa.

Thamani ya kazi hiyo haikuwa katika wingi wa hesabu bali katika uchache wake. Kanuni zilifuta maelfu ya majaribio kabla hayajafanywa, na kwa kuwa kanuni zenyewe ni za hakika, hakuna shaka iliyobaki kuhusu vigawo ambavyo havikuguswa.

Nambari timilifu ya nane

Kila tasa ya Mersenne huandamana na nambari nyingine iitwayo timilifu. Nambari timilifu ni ile ambayo jumla ya vigawo vyake, bila kuihesabu yenyewe, ni sawa na nambari hiyo. Nambari 6 hugawanyika kwa 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Nambari 28 hugawanyika kwa 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28.

Euclid alionyesha jinsi ya kuzipata. Kila tasa ya Mersenne ikizidishwa kwa kipeo cha 2 kilicho chini yake mara moja, jawabu ni timilifu. Hivyo 3 mara 2 ni 6, 7 mara 4 ni 28, 31 mara 16 ni 496, na 127 mara 64 ni 8,128. Zaidi ya miaka 2,000 baadaye, Euler alithibitisha kuwa hakuna timilifu shufwa isiyopatikana kwa njia hiyo. Kuhusu timilifu witiri, hakuna iliyowahi kupatikana, wala hakuna aliyethibitisha kuwa haiwezekani.

Kwa kanuni hiyo, uthibitisho wa 1772 ulizaa timilifu ya nane, ambayo ni 2,147,483,647 mara 1,073,741,824, yaani 2,305,843,008,139,952,128.

Mnamo 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika katika kitabu chake kuhusu nadharia ya nambari kwamba timilifu hiyo ndiyo kubwa zaidi ambayo ingepata kugunduliwa. Sababu aliyoitoa ni kwamba nambari hizo ni za kushangaza tu, hazina manufaa, na haielekei kwamba kuna mtu atakayejitaabisha kuitafuta iliyo kubwa zaidi.

Utabiri huo haukutimia. Mnamo 1876 Mfaransa Edouard Lucas alithibitisha kuwa kipeo cha 127 hutoa tasa, nambari yenye tarakimu 39. Mnamo 1883 Mrusi Ivan Pervushin alithibitisha ile ya kipeo cha 61, ambayo Mersenne aliisahau.

Kipimo cha Lucas na Lehmer

Lucas hakutafuta vigawo. Alibuni kipimo ambacho hueleza kama nambari ya Mersenne ni tasa au si tasa bila kugawanya kwa tasa yoyote, na Mmarekani Derrick Henry Lehmer akakiboresha mnamo 1930.

Kipimo huanza na 4. Nambari hiyo huzidishwa kwa yenyewe, hutolewa 2, kisha jawabu hugawanywa kwa nambari inayopimwa na baki ndilo linaloendelea kutumika. Hatua hizo hurudiwa mara pungufu ya kipeo kwa 2. Baki la mwisho likiwa 0, nambari ni tasa. Lisipokuwa 0, nambari si tasa.

Chukua 31, ambayo kipeo chake ni 5 na huhitaji hatua tatu. Hatua ya kwanza hutoa 14. Ya pili hutoa 194, ambayo ikigawanywa kwa 31 hubakisha 8. Ya tatu hutoa 62, ambayo hugawanyika kwa 31 bila baki. Kwa hivyo 31 ni tasa. Kwa 2,047, hatua tisa zinazohitajika huishia na baki la 1,736, ishara kwamba si tasa.

Kwa 2,147,483,647 kipimo huhitaji hatua 29 tu. Kazi iliyomchosha hata mwanahisabati hodari katika karne ya 18 sasa hufanywa na simu ya mkononi kabla mtu hajakunja kope.

Kipimo hicho kingali kinatumika kusaka tasa kubwa. Mradi ulioasisiwa na Mmarekani George Woltman mnamo 1996 huwaunganisha watu wa kujitolea wanaoazima nguvu za tarakilishi zao kupitia intaneti. Mnamo Oktoba 2024 mradi huo ulitangaza kuwa Luke Durant wa Marekani amepata tasa ambayo kipeo chake ni 136,279,841. Nambari hiyo ina tarakimu 41,024,320, na iliivunja rekodi ya 2018 iliyokuwa na tarakimu 24,862,048.

Kuna sifa nyingine inayoitofautisha nambari ya Euler. Kipeo chake, 31, chenyewe ni tasa ya Mersenne. Nambari za aina hiyo zinazojulikana kuwa tasa ni nne pekee: 7, 127, 2,147,483,647 na ile ya Lucas yenye tarakimu 39.

Wapo waliotarajia kuwa 2,147,483,647 ikitumiwa yenyewe kama kipeo ingetoa tasa nyingine, ambayo ingekuwa na tarakimu zaidi ya milioni 646. Tumaini hilo lilizimwa mnamo 1983, ilipogunduliwa kwamba nambari hiyo kubwa mno hugawanyika kwa 295,257,526,626,031. Kigawo hicho hubakisha 1 kikigawanywa kwa mara mbili ya kipeo, sawasawa na kanuni aliyoitumia Euler.

Kubahatisha kwa mashine

Kinyume na maoni ya Barlow, nambari hii ilipata kazi. Tarakilishi hutakiwa mara nyingi kutoa nambari za kubahatisha, kwa mfano katika michezo, katika kuchagua sampuli za utafiti au katika kuiga mwenendo wa foleni na hali ya hewa. Lakini mashine haiwezi kurusha sarafu. Hufuata amri tu.

Mnamo 1988 Wamarekani Stephen Park na Keith Miller walipendekeza utaratibu ambao ulienea sana. Nambari yoyote kati ya 1 na 2,147,483,646 huzidishwa kwa 16,807, kisha jawabu hugawanywa kwa 2,147,483,647 na baki huchukuliwa. Ukianza na 1 unapata 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073, na kuendelea bila mpangilio unaoonekana kwa macho.

Utaratibu huo hutegemea utasa wa nambari ya Euler. Kwa kuwa ni tasa, haiwezi kuligawanya zao la nambari mbili zilizo ndogo kuliko yenyewe, na kwa hivyo baki halifiki 0 na mashine haikwami. Nayo 16,807, ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5, ilichaguliwa ili kila nambari kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 ijitokeze mara moja kabla ya mzunguko kuanza upya.

Utaratibu huo haufai kulinda siri, kwani mtu akiijua nambari moja ataweza kuikokotoa inayofuata. Mawasiliano ya siri, kama ya tovuti za benki, hutumia mbinu nyingine. Mojawapo iliyobuniwa mnamo 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman hutegemea tasa mbili zenye mamia ya tarakimu, ambazo ni rahisi kuzidishwa lakini ni vigumu mno kuzitambua kutokana na zao lake.

Mpaka wa biti 32

Ndani ya tarakilishi, nambari huandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kila nafasi ya tarakimu huitwa biti. Kwa miaka mingi mashine zilitenga biti 32 kwa nambari moja. Biti moja huonyesha kama nambari ni chanya au hasi, na 31 zilizosalia hubeba nambari yenyewe. Nambari kubwa kabisa hupatikana pale biti zote 31 zinapokuwa 1, nayo ni jumla ya 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 1,073,741,824. Hiyo ndiyo jumla ya mweka akiba wa Januari.

Inafaa kufahamu kwamba utasa wake hauna uhusiano na mpaka huo, ni sadfa. Mashine za biti 16 zilikuwa na mpaka wa 32,767, ambayo ni 7 mara 31 mara 151. Mpaka wa biti 64 ni 9,223,372,036,854,775,807, ambayo pia hugawanyika kwa 7.

Mnamo Desemba 2014, umma ulipata kuusikia mpaka huo pale kampuni ya YouTube iliposema kuwa video ya wimbo wa Gangnam Style, wa mwanamuziki Psy wa Korea Kusini, ilikuwa imetazamwa mara nyingi kuliko 2,147,483,647, na kwamba kihesabio kilikuwa kimebadilishwa kuwa cha biti 64.

Suala la mwaka 2038 ni zito zaidi. Mifumo mingi hutunza wakati kwa kuhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Mfumo wa biti 32 ukifikia sekunde ya 2,147,483,647, sekunde inayofuata huandikwa kama nambari hasi 2,147,483,648, na mashine husoma kuwa ni Ijumaa, Desemba 13, 1901.

Madhara hayasubiri siku hiyo. Mkopo wa nyumba wa miaka 20 uliotolewa Februari 2018 hukamilika Februari 2038. Programu iliyokokotoa tarehe ya malipo ya mwisho kwa biti 32 ilikuwa tayari imepita mpaka siku mkopo ulipoidhinishwa. Hali ni hiyo hiyo kwa bima na malipo ya uzeeni.

Tiba inajulikana, nayo ni kuhamia biti 64. Kwa kiwango hicho hesabu ya sekunde yaweza kuendelea kwa takriban miaka bilioni 292. Tarakilishi na simu nyingi zinazouzwa sasa zimeundwa hivyo, na tangu 2020 kiini cha mfumo wa Linux huwezesha hata mashine za biti 32 kutunza wakati kwa biti 64.

Hatari iliyosalia ni ya vifaa vinavyodumu muda mrefu bila kuguswa, kama vidhibiti vya mitambo viwandani, pamoja na programu za zamani na hifadhi za data ambazo tarehe zake bado zimeandikwa kwa biti 32. Kubadilisha mashine pekee hakutoshi ikiwa programu na data ndani yake zimebaki za kale.

Njia ya moja kwa moja ya kupima ni kuchukua nakala ya mfumo katika mashine isiyotumika kazini, kuisogeza saa yake hadi dakika chache kabla ya sekunde ya 2,147,483,647, na kusubiri. Ikiisoma sekunde inayofuata kuwa ya 2038, mfumo ni salama. Ikiisoma kuwa ya 1901, wenye mfumo wana muda wa kuurekebisha hadi Januari 19, 2038.